Umri na Utulivu wa Moyo

Kijana anapomwamkia mzee kwa shikamoo, huupa umri heshima yake. Mzee huitika marahaba, na mara nyingi mazungumzo huishia hapo. Kijana huondoka bila ya kujua lililomo moyoni mwa aliyemwitikia. Je, moyo huo umetulia kama bahari baada ya kusi, au umejaa majuto kama nyumba iliyohamwa? Lugha yetu yenyewe ina majibu mawili. Methali moja husema ujana ni moshi, ukienda haurudi. Na hapo uzee huonekana kuwa hasara tupu. Methali nyingine husema utu uzima dawa. Na hapo umri huonekana kuwa tiba ya mambo ambayo ujana hauwezi kuyaponya. Wahenga hawakuwa watu wa kusahau maneno yao. Ikiwa waliacha semi mbili zinazopingana, yamkini waliona mambo mawili ambayo yote ni kweli.

Jambo hili limewashughulisha wanazuoni wa nchi mbalimbali kwa muda wa miaka zaidi ya 2,300. Nia ya insha hii ni kusimulia kwa ufupi historia ya mjadala wao, na kuonyesha kwamba swali lililoulizwa siku ya kwanza lingali likingoja jibu kamili hata leo. Tena jibu lenyewe lina uzito kwetu kuliko tunavyodhani.

Siku ya kwanza hiyo tunaipata Ugiriki, katika karne ya nne kabla ya Kristo. Plato alifungua kitabu chake juu ya jamhuri kwa mazungumzo ya Socrates na mzee mmoja tajiri aitwaye Cephalus. Socrates alimwomba mzee aeleze hali ya uzee, kwa kuwa yeye alikuwa amekwisha tembea njia ambayo huenda wengine nao wataipita. Cephalus alijibu kwamba wazee wengi wakikutana hulia kwa kupotewa na anasa za ujana, na hulalamika kuwa jamaa zao huwadharau. Yeye binafsi aliona vingine. Uzee ulikuwa umemfungua kutoka katika utumwa wa matamanio, na aliyekuwa na moyo wa kiasi hakuona umri kuwa mzigo mkubwa. Sababu ya malalamiko, alisema, si miaka ya mtu bali tabia yake.

Socrates hakuridhika. Alimwambia kwamba wasikiaji wengi hawatayaamini maneno hayo. Watasema kinachomfariji si tabia njema bali ni mali yake nyingi. Cephalus hakukana. Alikiri kwamba mtu mwema hawezi kuustahimili uzee kwa urahisi akiwa maskini, wala mtu asiye mwema hapati amani hata akiwa tajiri. Basi katika mazungumzo hayo mafupi mambo matatu yaliwekwa mezani: umri, tabia na mali. Historia yote iliyofuata ni historia ya kuyapima mambo hayo matatu, na aghalabu ya kulisahau la tatu.

Aristotle, mwanafunzi wa Plato, hakuwa na huruma kwa wazee. Katika kitabu chake juu ya ufasaha wa kusema aliwagawa watu katika mafungu matatu. Vijana, kwa maoni yake, ni wepesi wa hasira na wepesi wa kuamini. Huishi kwa tumaini kwa sababu mbele yao ni parefu na nyuma yao ni pafupi. Wazee huishi kwa kumbukumbu. Wamedanganywa mara nyingi, kwa hiyo hushuku kila kitu, huogopa mapema, na hawapendi wala hawachukii kwa nguvu. Kati ya mafungu hayo mawili alimweka mtu wa makamo, ambaye huchukua sehemu njema ya kila upande. Mwili, alisema, hukamilika kati ya miaka 30 na 35, na akili hukamilika kwenye miaka 49 hivi. Hesabu hiyo inastahili kukumbukwa, maana baadaye tutaona wanahesabu wa zama zetu wakitia alama karibu na umri uleule, lakini si kwa kuusifu. Walio­uona kuwa kilele cha akili wamefuatwa na waliouona kuwa bonde la huzuni.

Cicero wa Roma alijibu kwa niaba ya wazee mwaka 44 kabla ya Kristo. Wakati huo alikuwa na miaka 62. Mwaka uliotangulia alikuwa amefiwa na binti yake mpenzi Tullia, na mambo ya dola yalikuwa yamemtoka mkononi. Aliandika kitabu kidogo ambamo mzee Cato, mwenye miaka 84, anayajibu mashtaka manne yanayotolewa dhidi ya uzee: kwamba humtenga mtu na kazi, hudhoofisha mwili, huondoa anasa, na hauko mbali na kifo. Cato huyajibu moja baada ya moja kwa ufasaha mkubwa. Anayekisoma kitabu hicho hupata faraja. Lakini anayejua maisha ya mwandishi hupata na fundisho jingine. Cicero aliandika ili kujituliza mwenyewe, na katika mwezi wa Desemba mwaka 43 aliuawa na adui zake. Utulivu aliousifu hakujaliwa kuukalia. Amani ya uzee hutaka moyo ulio tayari, lakini vilevile hutaka dunia inayomwacha mzee aishi.

Kwa karne nyingi baada ya hapo mjadala ulibaki mikononi mwa wahubiri, washairi na waganga. Kila mmoja alisema alichokiona kwa jirani zake au alichokisikia nafsini mwake. Badiliko kubwa halikuanza katika vyuo bali lilianza katika hazina za serikali. Mwaka 1889 Ujerumani ilipitisha sheria ya kuwalipa pensheni wafanyakazi waliofika umri wa miaka 70. Uingereza ilifuata kwa sheria ya mwaka 1908, na malipo yakaanza tarehe 1 Januari 1909: shilingi tano kwa juma kwa mtu mwenye miaka 70 asiye na pato la kumtosha. Kwa sadfa ya kupendeza, siku hiyohiyo, katika kijiji cha Vibambani karibu na Tanga, alizaliwa Shaaban Robert, ambaye baadaye aliandika habari za nafsi yake katika sehemu mbili, akiufanya umri wa miaka 50 kuwa mlango wa sehemu ya pili. Tutamrudia. Hapa yatosha kuona kwamba serikali ilipoanza kumlipa mzee ilibidi imhesabu. Na ilipoanza kumhesabu, watu walianza kuuliza anaishije na anaonaje.

Katika elimu ya nafsi aliyeufungua mlango alikuwa G. Stanley Hall wa Marekani. Mwaka 1904 alitoa kitabu kikubwa juu ya balehe, na umaarufu wake ukasimama juu ya kitabu hicho. Lakini alipokwisha acha kazi ya kuongoza chuo kikuu, mwanachuoni wa vijana alijikuta ni mzee asiyeelezwa na elimu yake mwenyewe. Aliwapelekea wazee maswali, akakusanya majibu yao, na mwaka 1922 akatoa kitabu juu ya uzee. Alifariki miaka miwili baadaye. Hall hakukubali kuwa uzee ni ugonjwa wala utoto wa pili. Aliuona kuwa ni zama zenye kazi yake na hisia zake, kama balehe ilivyo na zake.

Erik Erikson aliendeleza wazo hilo mwaka 1950. Aliyagawa maisha katika hatua nane, na tatu kati yake akazipa utu uzima. Mtu wa makamo, kwa maoni yake, hushindana na swali la kuwaachia wengine kitu, au kudumaa katika nafsi yake. Mzee hushindana na swali la kuyakubali maisha yake kama yalivyokuwa, au kuyakatia tamaa kwa kuwa muda wa kuanza upya umekwisha. Kwa Erikson utulivu si zawadi inayokuja pamoja na mvi. Ni ushindi, na ushindi huweza kukosekana.

Mwaka 1961 palitokea kitabu kilichozusha ugomvi. Elaine Cumming na William Henry waliwachunguza watu wa mji wa Kansas City, wakasema kwamba ni tabia ya maumbile mzee kujitenga na jamii na jamii kujitenga na mzee, na kwamba kuachana huko ni kwa faida ya pande zote mbili. Robert Havighurst na Bernice Neugarten, waliofanya kazi katika utafiti wa mji huohuo, walipinga. Waliona wazee wengi wenye shughuli ambao walikuwa na furaha, na wengine waliotengwa ambao hawakuwa nayo. Hoja ya pingamizi hiyo ni nzito. Ukisema kuwa mzee anataka mwenyewe kuachwa, umemwondolea kila mtu lawama ya kumwacha.

Walakini wote hao walikabiliwa na shida ya hesabu. Ukimlinganisha mzee wa miaka 75 na kijana wa miaka 25, unalinganisha umri, lakini pia unalinganisha watu wa vizazi viwili. Mmoja alikulia katika njaa na vita, mwingine katika amani. Tofauti iliyo kati yao si lazima iwe imeletwa na miaka. K. Warner Schaie, aliyeanza utafiti wake mjini Seattle mwaka 1956, aliieleza shida hii kwa ukamilifu: dawa yake ni kuwafuata watu walewale kwa miaka mingi, na kuongeza watu wapya wa kila kizazi. Kazi hiyo hutaka subira kuliko werevu. Mwaka 2001 Susan Charles na wenzake walitoa matokeo ya familia za California zilizofuatwa kwa miaka 23 tangu 1971. Waliona kwamba hisia mbaya, kama huzuni na wasiwasi, zilipungua kadiri watu walivyozidi kukua, na kwamba furaha haikupungua ila kidogo kwa wakongwe. Hapo methali ya utu uzima dawa ilipata shahidi wa tarakimu.

Aliyejaribu kueleza sababu ni Laura Carstensen wa Chuo Kikuu cha Stanford. Alipokuwa na miaka 21 alipata ajali mbaya ya gari, akalazwa hospitalini kwa miezi kadhaa katika wodi ya wanawake wazee. Alitazama namna walivyotendewa, akaanza kujiuliza ni mambo gani ya uzee yanayoletwa na mwili na ni yapi yanayoletwa na watu. Fikira aliyoifikia baadaye ni nyepesi kuelezwa. Mtu anayeona muda wake kuwa mrefu hukusanya: maarifa, marafiki wapya, nafasi za mbele. Mtu anayeona muda wake kuwa mfupi huchagua: huwaacha wengi na kushikamana na wachache awapendao, huacha ugomvi usio na maana, na hutafuta leo kilicho na thamani kwa moyo. Basi linaloubadili moyo si umri wenyewe bali ni urefu wa njia iliyobaki.

Ushahidi wake haukutoka kwa wazee peke yao. Vijana wenye ugonjwa usio na dawa kwa wakati ule walionekana kuwachagua watu wa karibu kama wazee wanavyofanya. Mwaka 1997, Hong Kong ilipokaribia kurudishwa China, hata vijana wa huko walipendelea watu waliowazoea, kana kwamba zama zao zilikuwa zinakwisha. Mambo yalipotulia, tofauti ya vijana na wazee ikarudi. Kisha Carstensen na wenzake waliwapa watu 184, wa miaka 18 hadi 94, kifaa kidogo cha kuwaita kwa mlio mara tano kwa siku kwa muda wa juma moja, na kila kilipolia mtu aliandika anavyoona moyoni saa ileile. Baada ya miaka mitano, na tena baada ya kumi, walirudia. Matokeo yalitolewa mwaka 2011. Hisia zilizidi kuwa njema kadiri watu walivyozidi kukua. Wazee, fauka ya hayo, walikuwa na hisia zilizochanganyika zaidi, furaha na huzuni ndani ya saa moja, kama babu anayemtazama mjukuu wake akicheza na kujua hatamwona akioa.

Wakati huohuo wanauchumi waliingia uwanjani kwa njia yao. Mwaka 1965 Elliott Jaques alikuwa amelipa jina la msukosuko lile fadhaiko la umri wa makamo. Mwaka 2008 David Blanchflower na Andrew Oswald walikusanya majibu ya watu wengi wa nchi nyingi, wakasema kwamba uradhi wa maisha una umbo la herufi U: hushuka kutoka ujanani, hufika chini katika miaka ya arobaini, kisha hupanda. Mwaka 2012 wenzao walidai kuona umbo hilo hata kwa nyani wakubwa 508 waliopimwa na walinzi wao. Ilionekana kana kwamba maumbile yenyewe yameandika herufi hiyo.

Lakini maumbile hayaandiki kwa haraka hivyo. Mwaka 2015 Andrew Steptoe, Angus Deaton na Arthur Stone waliilinganisha dunia sehemu kwa sehemu. Katika nchi tajiri zinazosema Kiingereza herufi U ilikuwapo. Katika nchi zilizokuwa za Umoja wa Kisovyeti uradhi ulishuka tu kadiri ya miaka, na wazee walikuwa na huzuni kuliko vijana. Katika Afrika kusini ya Sahara uradhi ulikuwa wa chini kwa kila umri, bila ya badiliko kubwa. Na mwaka 2024 Blanchflower mwenyewe, pamoja na wenzake, alieleza kwamba umbo alilolisifu linatoweka katika nchi nyingi, kwa sababu hali ya moyo ya vijana imezidi kuwa mbaya. Hata utulivu wa wazee una mpaka: waliofuatwa hadi mwisho, huko Ujerumani na kwingineko, walionekana kupungukiwa na uradhi kwa ghafula katika miaka michache ya mwisho kabla ya kufa. Socrates angetabasamu. Kefu ya wanahesabu ilikuwa imeligundua tena swali lake: je, unafarijiwa na umri wako, au na mali na amani ya nchi yako?

Tukirudi kwetu, tunaona kwamba pwani yetu ilikuwa na ushahidi wake kabla ya vifaa vya mlio. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Msham, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, alikuwa mgonjwa, na alifariki miaka michache tu baadaye. Hakuugeukia ulimwengu wote. Alimgeukia binti yake na kumtungia utenzi wa wasia. Muda ulipofupika, duara la moyo lilikazwa likamzunguka mtu mmoja, na kwa kumzunguka mmoja limewafikia maelfu. Naye Shaaban Robert, karani wa serikali tangu mwaka 1926, alipofika miaka 50 aliona haja ya kugeuka nyuma na kuhesabu, akaandika sehemu ya pili ya maisha yake. Hakupewa muda mrefu; alifariki mwaka 1962 akiwa na miaka 53. Watu hawa wawili hawakumsoma Erikson wala Carstensen. Walifanya tu kile ambacho moyo wenye kujua mwisho wake hufanya.

Hata hivyo si kila mzee huachiwa achague. Elimu ya Stanford husema mzee hupunguza watu na mizigo. Mkoani Kagera, ambako wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mwaka 1983, mabibi wengi waliwazika watoto wao na kuanza upya kulea wajukuu, katika umri ambao vitabu vyasema ni wa kupumzika. Usukumani wanawake wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi, na alama waliyohukumiwa kwayo mara nyingi ni macho mekundu, ambayo huletwa na miaka mingi ya moshi wa kuni wakiwapikia watoto wao. Bibi wa namna hiyo unaweza kumsifia utulivu wa uzee jinsi gani? Hofu yake haikutoka katika umri. Ilitoka kwa jirani.

Kwa sababu hii naona kwamba hatua ndogo za serikali zina nafasi katika historia ya moyo, si katika historia ya fedha peke yake. Tanzania ilitoa Sera ya Taifa ya Wazee mwaka 2003. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kumlipa kila mkaazi aliyefika miaka 70 pensheni, kwa kuanzia shilingi 20,000 kwa mwezi, bila ya kuuliza kama alipata kuajiriwa. Ni fedha kidogo. Lakini mzee anayeweza kununua sabuni yake na kumpa mjukuu wake kitu mkononi amerudishiwa neno lile ambalo uzee wa kimaskini hulinyang'anya kwanza, nalo ni kuchagua.

Basi methali zetu mbili zaweza kupatanishwa. Ujana ni moshi, na wanazuoni wote wa tangu Aristotle hawakuweza kuurudisha. Utu uzima ni dawa, na tarakimu za nusu karne zimeshuhudia kwamba mara nyingi moyo hujifunza kusamehe, kuchuja na kutulia. Lakini dawa haifanyi kazi katika mwili ulio na njaa, wala katika nyumba iliyozungukwa na watu wenye mapanga. Umri huleta mbegu ya utulivu, tabia huilima, jamii ndiyo mvua. Cephalus alikuwa na zote tatu, na alikuwa na unyofu wa kukiri hivyo. Wengi wa wazee wetu wana mbili za kwanza tu. Tutakapowaamkia kesho shikamoo, na tukumbuke kwamba marahaba yao ni neno la mtu aliyekwisha fanya sehemu yake. Iliyobaki ni yetu.